Kila Jioni Alitia Sahihi

"Hivi jirani, hicho chakula unachonenepea unakila saa ngapi?"

Fundi cherehani aliuliza huku akilifumua gauni la Kijiti kwa mara ya tatu mwaka huo. Jina la Kijiti alipewa na mumewe enzi za uchumba, kwa wembamba wake. Sasa mashavu yalikuwa yamejaa, na chini ya jicho damu imevilia.

"Hata mimi sijui, shoga. Ndiyo maana nimeingia kwenye ule utafiti wa unene pale hospitali. Wamenipa mizani ya jikoni na daftari. Kila kinachopita mdomoni naandika, na mtu wa nyumbani anatia sahihi."

"Anatia nani?"

"Mume wangu."

"Huyo huyo mwenye ngumi?"

"Huyo huyo."

Mume alikuwa muuza dawa. Kila jioni, kabla hata ya kuvua viatu, alidai daftari.

"Uji kikombe kimoja. Viazi viwili... Unamdanganya nani, gunia wewe? Mkate uliouficha uko wapi?"

"Sijaficha mkate, mume wangu."

Kofi! Kichwa cha Kijiti kikagonga kabati, sufuria zikaporomoka.

"Acha wajue nimeoa mlafi!" Akatia sahihi yake yenye mkia mrefu, akamtupia daftari usoni.

Asubuhi akawa mpole. Akamwekea vidonge viwili kiganjani kutoka kwenye kikopo, kama alivyofanya mwaka mzima.

"Meza vitamini zako, Kijiti changu. Usije ukasema sikupendi."

Wiki ya sita, simu ikaingiza ujumbe kutoka hospitali: "Dada, majibu ya damu na ya kile kidonge ulicholeta tukipime yametoka. Njoo leo. Usiache kumeza mpaka tuonane."

Mtafiti, mama mwenye miwani, alimkalisha karibu.

"Dada, chakula chako ni cha ndege. Tatizo ni hivi vidonge. Si vitamini, ni dawa kali ya kutuliza uvimbe. Ukiimeza miezi mingi bila ugonjwa, uso unajaa, tumbo linajaa, sukari na presha vinapanda. Vyako vimeshapanda."

Kijiti alishika meza.

"Mwaka mzima nafunga, namwomba Mungu anisamehe ulafi nisiokuwa nao... Nikiacha leo?"

"Usithubutu! Mwili umeizoea, ukiikosa ghafla unaweza kufa. Daktari atakupunguzia kidogo kidogo." Akampa pakiti ya vidonge vya kupunguzia, iliyoandikwa tarehe za kumeza.

Nyumbani, mume alikuwa mlangoni.

"Umetoka wapi?"

"Vile vidonge ni vya nini?"

"Vitamini."

"Hospitali wamevipima."

"Nani kawaambia unameza vidonge?"

"Wewe." Akafungua daftari. "Kurasa arobaini na mbili. Soma mstari wa mwisho."

*Vidonge viwili, kanipa mume wangu.* Chini yake, sahihi yenye mkia. Siku zote aliwinda mkate, mstari ule hakuufikia.

"Nilikupenda!" alifoka. "Ukipita dukani wateja wanasahau walichokuja kununua! Nilitaka ubaki wangu!"

"Na ngumi?"

"Ulizidi! Ukawa unanitia aibu!"

"Yaani umeniharibu, halafu unanipiga kwa kuharibika?"

Akamrukia, akamkaba koo kwa mikono miwili. Macho ya Kijiti yakaingia giza. Hakupiga kelele, hakukwaruza. Aliegemea tu, akamwachia uzito wote. Mume akaenda kinyumenyume, kabati likavunjika mgongoni mwake, sufuria ikamwangukia mdomoni, jino likaruka, damu ikamlowesha kifua. Mwili alioujenga mwenyewe ndio uliomwangusha.

"Kijiti..." Sauti ikawa ya mtoto. "Ukitoka hapa, nani atakupa dawa? Utakufa, mke wangu!"

Kijiti akaokota daftari. Akachukua kikopo, akakitia mfukoni pamoja na pakiti ya hospitali. Fundi, aliyesikia kishindo, alikuwa ameshafika kizingitini, mkasi mkononi, akihema.

"Kijiti changu! Nisemeshe basi!"

Kijiti akairuka miguu ya mumewe, akampita fundi, akatoka.