Nilifuta Misalaba ya Esperance

Nina umri wa miaka ishirini na sita, mzaliwa wa Kivu ya Kusini, na nimekulia katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale. Wazazi sina. Nililelewa na shangazi yangu, Mama Nabintu, aliyelima mashamba ya watu ili mimi nisome kompyuta Mbarara. Ndugu wasomaji, sikieni nilivyomlipa!

Baada ya masomo nilipata kazi Mbarara, katika kikundi kidogo kinachopima maji ya visima vya kambi. Mwenzangu Esperance, Mkongomani kama mimi, ndiye aliyenifundisha. Ripoti yetu yote ilikaa katika faili moja: maelezo ya kawaida, na katikati yake amri za kuchora ramani. Ukiliendesha kwenye kompyuta, ramani inatoka kwa namna mbili kwa mpigo... PNG ya kutuma kwenye simu, na PDF ya kuchapa na kubandika visimani. Kisima kizuri kijani, kibaya chekundu. Na juu ya kila kisima kibaya Esperance aliweka msalaba mkubwa.

Mimi misalaba ile ilinikera. Niliona inachafua ramani!

Mama yake Esperance akaugua, naye akaenda Bwizibwera kumuuguza. Kabla ya kuondoka aliniambia, "Kaka, usifute ile misalaba, hata kama unaona ni mubaya. Batu mingi habana telefone, banaangalia karatasi tu."

Nikaitikia ndiyo, ndiyo... moyoni nikimcheka.

Mkubwa wetu wa kazi alitaka ramani mpya ya kuwapendeza wageni. Nikafuta misalaba. PNG ikatoka safi, rangi ziking'aa kwenye kioo cha kompyuta. Mkubwa akanisifu, nami nikavimba kichwa! PDF sikuifungua. Kwa nini niifungue? Si imetoka kwenye faili lile lile?

Ole wangu! Mashine yetu ya kuchapa ilikuwa ya wino mweusi tu, kwa hiyo PDF tulikuwa tumeiamuru itoke bila rangi, nami nilisahau. Bila misalaba, kisima kizuri na kibaya vyote vikawa kijivu kimoja. Na karatasi hizo ndizo zilizobandikwa...

Shangazi, aliyebaki kambini, hakuwa na simu. Nilipopata habari kwamba amelazwa kwa kuharisha, nilipanda gari hadi Rwekubo, kisha boda hadi kambini. Nilimkuta amebaki mifupa. Nikamuuliza maji alikuwa akiteka wapi.

"Ku kisima ya pale chini," akasema kwa shida, akitaja kimoja cha vile vyekundu. "Niliangalia karatasi yenu, mutoto wangu. Visima vyote vilikuwa sawa. Nikasema, kama ni kazi ya mutoto wangu, ni ya kweli."

Je, nilimwambia ukweli? Sikumwambia! Nilimshika mkono tu, nikalia. Akafariki akiniamini.

Majirani pia waliugua. Mkubwa akauliza kwa ukali nani aliyechora ramani ile. Nami, wasomaji wenzangu, nikajibu kwamba faili ni la Esperance. Akafukuzwa kwa simu, angali kando ya kitanda cha mama yake.

Siku ya matanga nani akatokea? Esperance! Alikuja kunifariji, hakujua ni nani aliyemchongea. Akajifunga kitenge, akasonga bugali ya waombolezaji, akaniletea sahani kwa mikono yake. "Kula, kaka," aliniambia. "Usipokula utaanguka."

Niliiweka sahani chini. Nikamweleza yote pale pale, mbele ya wamama waliokuwa jikoni.

Esperance akauliza, "Ulijua balinifukuza juu ya kosa lako, na ukanyamaza?" Alimaliza kuwagawia watu chakula, akanawa mikono, akaenda zake.

Nilikwenda kwa mkubwa nikakiri. Esperance alirudishwa kazini, mimi nikafukuzwa, na kwa haki. Hadi leo hajibu salamu zangu.

Vijana mnaofanya kazi hizi, nawasihi! Kila namna ya mchoro itakayotoka, ifungueni, itazameni kwa macho ya yule atakayeisoma bila simu wala wa kumuuliza. Na mkikosea, semeni "ni mimi" siku hiyo hiyo. Mimi nilisema shangazi akiwa tayari chini ya udongo... Ni nani sasa wa kunisamehe?