Nguzo Isiyochorwa

Watu wa Sumbawanga wamezoea kusifiwa kwa baridi yao, ndiyo maana joto la Oktoba huwaudhi kama mgeni asiyepiga hodi. Saa nane mchana, jirani na soko, vibaraza kumi na viwili vya mafundi cherehani vilikuwa vikichemka chini ya mabati yaliyoinama karibu na vichwa. Rosina, gauni lake la kitenge cha njano limemganda mgongoni, aliinua macho akakuta kijana ameelekeza kitu kama bastola juu yake.

"Kaka, mimi sina homa." Kifaa hicho cha kupimia joto alishawahi kukiona hospitali.

"Wewe huna. Bati lako ndilo linaumwa." Kijana alimwonyesha namba. "Nyuzi hamsini na nane!"

"Na dawa yake?"

"Ndiyo naitafuta. Naitwa Kasmir, wa mipango miji."

Shati lake jeupe lilinyooshwa vizuri kwa pasi, na viatu vyake vilikuwa vyekundu kwa vumbi. Rosina alicheka, na kicheko hicho kikamponza. Kwa wiki tano Kasmir alipita pale kila saa nane kupima, na jioni simu ikafuata.

"Mrembo, umekula?"

"Nimekula. Umepiga kuuliza chakula?"

"Nimepiga nikusikie ukinuna."

"Sinuni bure. Mbona siku hizi unapima kwa wenzangu tu, kwangu unapita?"

"Kwako macho yanatosha, mpenzi."

Jibu lilikuwa tamu, ila halikumkaa sawa. Fundi anaijua nguo iliyoshonwa haraka haraka kuficha kasoro. Hata Luciana, jirani yake wa kibaraza cha pili, alishamwonya: "Mdogo wangu, mtu mwenye ofisi haji kuungua hapa kwa ajili ya macho yako tu."

Jumanne asubuhi Rosina alifika akakuta nguzo za vibaraza kumi na kimoja zimechorwa X nyekundu. Nguzo yake ilikuwa safi.

Nani asiyejua maana ya X nyekundu? Ni bomoa. Alimwamkia Luciana, Luciana akageuza kiti.

"Umetuuza, Rosina. Kumbe mapenzi yenyewe ndiyo haya!"

Miaka saba walikuwa wakiazimana nyuzi na pasi. Rosina alipokwenda nyumbani kwao Chala kumuuguza mama yake, Luciana ndiye aliyemalizia sare za wateja wake zote. Leo hakuna hata mmoja aliyemtazama. Rosina aliona aibu mpaka machozi yakamtoka, kisha akaona hasira. Kasmir alikuwa amemnunua, na yeye hata hakujua ananunuliwa kwa lipi. Akachukua simu.

"Njoo sasa hivi. Na rangi yako uje nayo."

"Rosina, kuna nini?"

"Njoo!"

Alikuja anahema, kopo la rangi na brashi mkononi.

"Waambie wenzangu," Rosina alisema kwa sauti ya kusikika mstari mzima, "kwa nini wao wanabomolewa na mimi nabaki."

"Habomolewi mtu! Yanashushwa mabati tu, kwa sababu ya joto hili. Paa jipya litakuwa juu zaidi, upepo upite, na mbele tunapanda miti. Kila fundi anarudi palepale alipokuwa. Kikao ni kesho, hapahapa."

"Na mimi?"

Kasmir aliangalia viatu vyake. "Kwako nilipima ile siku ya kwanza tu, kabla sijakujua. Baada ya hapo nikaona haifai nipime mimi. Watasema nimekupendelea. Nikamwomba mkuu wangu aje apime na kuchora yeye."

"Muongo," alisema Luciana.

Rosina naye hakuamini. "Mpigie huyo mkuu. Weka sauti kubwa."

Kasmir alisita, akapiga. "Shikamoo, mzee Mathias."

"Marahaba. Kama ni kile kibaraza cha mchumba wako, nitakuja kesho kabla ya kikao. Wewe usikiguse! Na mshenga umeshampata?"

Luciana akaangua kicheko. Kasmir alikata simu, masikio yamemuwaka.

"Mchumba?" Rosina aliuliza. "Nani huyo?"

"Nilitaka... mshenga ndiye aje kusema, kwa mama yako Chala. Si kwa simu."

"Na haya ya mabati, mbona hukuniambia?"

"Ungekuwa umejua kabla ya wenzako."

Rosina alimtazama muda mrefu, akitafuta kasoro. Hakuiona, na hilo nalo lilimtia wasiwasi kidogo. Akamnyang'anya kopo, akachovya brashi, na kwenye nguzo yake akachora X kubwa kuliko zote, rangi ikimchuruzikia kwenye kitenge cha njano.

"Nyuzi hamsini na nane ulinipa mwenyewe. Sasa mimi na wenzangu tuko sawa."

Luciana alimvutia Rosina kiti, akakisogeza karibu na chake.

"Na mshenga?" Kasmir aliuliza kwa sauti ndogo.

"Aje," alisema Rosina, akifuta vidole. "Ila aje asubuhi. Kwa mama nako ni bati."