Mambo Mengine Yote

Chai ilikataa kupoa.

Mwanzoni nani angejali? Mwanamke alimimina kikombe asubuhi, akakisahau mezani katikati ya makaratasi yake, akaenda chuo, akarudi jua linazama, akakuta mvuke bado unafuka. Alipoonja akaungua ulimi. Akamgeukia mumewe: kwa nini amepika chai nyingine bila kumwambia?

"Mimi? Hata viatu sijavua," mume akasema. "Labda ndio huo uchumi wenu wa chuoni."

Utani ulikuwa kazi yake ya pili. Ya kwanza ilikuwa kufundisha watu kuendesha gari, na alisema bila utani presha ingeshamuua. Yeye ndiye aliyempa mkewe jina la Profesa, ingawa mwenyewe alikuwa bado anasomea shahada ya uzamili, tena na mimba ya miezi saba.

Profesa alikuwa akiwafundisha pia wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Jioni alifanya mazoezi ya somo chumbani, kwa sauti, akiuhutubia ukuta, na mume huko sebuleni akichomekea maneno yake ya mzaha. Siku moja kabla ya ile chai alikuwa amefika kwenye yale maneno ambayo kila anayesoma uchumi hufundishwa siku za mwanzo kabisa, kisha huyatumia mpaka anazeeka.

"Dunia ina mambo mengi mno," aliuambia ukuta. "Kwa hiyo tunabadilisha kitu kimoja tu. Mambo mengine yote yabaki kama yalivyo."

"Kipi?" sauti ya mumewe ikauliza.

Alikuwa amechoka, miguu imevimba, hamu ya utani hana. "Chagua wewe," akajibu, akajitupa kitandani, akapitiwa na usingizi. Somo likaishia hapo.

Kumbe mume wa watu alikuwa bafuni anaoga, masikio yamejaa povu.

Baada ya chai ikaja zamu ya sabuni. Wakaoga, wakafua, kipande kikabaki vilevile. Mkate haukuota ukungu. Gesi haikuisha. Mume akafurahi jamani, akacheza mpaka mlangoni. "Mke wangu, hatimaye hii shahada imeanza kulipa!"

Profesa naye akacheka. Aliacha kucheka kliniki, mkunga alipompima tumbo, akarudia kupima, kisha akamtazama usoni.

"Moyo wa mtoto unapiga," mkunga alisema. "Ila hajakua hata kidogo tangu ulipokuja mara ya mwisho. Anacheza?"

Profesa akajaribu kukumbuka. Mtoto aliyekuwa akimpiga mateke mpaka anashindwa kuandika, alikuwa ametulia tangu ile jioni ya mazoezi. Aliondoka pale huku mikono yote miwili imeshika tumbo, na njia nzima alimwomba mtoto acheze, hata teke moja, hata la kumuumiza.

Nyumbani kukaanza kunuka chaki iliyolowa, na chaki yenyewe hawakuwa nayo. Harufu ilikuwa kali zaidi chumbani, upande wa ule ukuta. Na mume akawa na mvi. Kwanza masikioni, akasema ni vumbi la barabarani. Halafu kichwa kizima. Mgongo ukapinda. Wanafunzi wake wakaanza kumshikia mlango wa gari. Katika nyumba ile ambayo hata maua ya kwenye chupa yaligoma kunyauka, ni yeye peke yake aliyekuwa akienda, tena akienda mbio.

"Mwanangu, niletee maji," alisema adhuhuri moja.

"Umeniitaje?"

"Nimekuitaje?" Hakujua. Kwa mara ya kwanza akakosa mzaha wa kusema. Profesa akalia mbele yake bila kujificha.

Ndipo akaitwa shangazi wa mume, mama mnene asiye na subira, aliyewatibu wenye majini kwa miaka mingi. Alifukiza ubani chumbani. Moshi ulitoka kwenye chetezo, ukafika usawa wa kifua chake, ukasimama palepale kama nguo kwenye kamba. Shangazi akarudi nyuma.

"Jini huyu hakuvamia," alinong'ona. "Huyu ametumwa kazi. Ulisema nini humu ndani?"

"Nilikuwa nafundisha, Shangazi."

"Unamfundisha nani, ukuta?"

Profesa akaeleza yote, mpaka lile swali na jibu lake. Mume akatikisa kichwa taratibu. "Mimi sijawahi kukuuliza kipi."

Shangazi akaugeukia ukuta.

"Haya," shangazi akasema kwa sauti ya chini. "Darasani mkishasema hivyo, mnaishiaje?"

Profesa akajishika mdomo. "Mwisho wa somo tunaondoa dhana. Tunaviachia vitu vyote viende tena. Tusipofanya hivyo, somo halijafungwa."

"Wewe ulifunga?"

"Nililala."

Shangazi akampeleka mume kitini sebuleni, na Profesa akabaki chumbani peke yake, akasimama mbele ya ukuta, harufu ya chaki ikamjaa puani na kooni mpaka akahisi anaimeza, na alipofungua kinywa akasikia kutoka mle ukutani pumzi ya mtu aliyesubiri muda mrefu, kisha sauti, sauti ya mumewe, siyo hii ya sasa ya kukwaruza bali ile ya ujana aliyoipenda kabla hata hajamwona uso, ikamuuliza kwa upole, "Nilichagua vizuri?"

"Mrudishe," alisema huku analia. "Nakuomba, mrudishe alivyokuwa."

"Somo lako halina kurudisha. Lina kuachia tu."

Alijua ni kweli. Akashika tumbo. "Tunaondoa dhana," akasema. "Vyote viende."

Moshi wa ubani ukapanda hadi darini kwa mkupuo. Maua yakaanguka. Mtoto akapiga teke lililompigisha magoti, na nje shangazi akashangilia. Mume alikuwa kitini palepale, mzee, anatabasamu. Hakuzeeka zaidi, lakini wala hakurudi.

Mtoto akazaliwa salama, wa kike. Alipoanza kuongea, alimtazama baba yake akamwita Babu.

"Mwacheni," mume alisema. "Ana macho huyo."

Profesa akamaliza shahada, akaajiriwa chuoni, na yale maneno hakuyatamka tena nyumbani, hata kwa kunong'ona. Alasiri moja alikuwa akisahihisha mitihani sebuleni, mumewe amesinzia kitini kando yake, na mtoto anacheza chumbani na midoli yake.

"Nyie wote mkae hivyohivyo," mtoto aliiambia midoli. "Atahama mmoja tu."

Harufu ya chaki iliyolowa ikapita chini ya mlango. Profesa akainuka, karatasi zikamwagika, na kabla hajafika akasikia ile sauti ya ujana ya mumewe, mumewe ambaye bado anakoroma kitini, ikiuliza kwa upole:

"Kipi?"

Mtoto akacheka.

"Chagua wewe."