Feruzi na Manowari ya Dohani Nne

Naapa kwa macho yangu haya mawili, yote ni kweli tupu. Atakayeninasa na uongo, hata wa kiasi cha punje, nitalilisha halua baraza zima.

Karne ya kumi na tisa ilikuwa ukingoni. Manowari Nyigu, chombo chembamba chenye dohani nne na mabomu ya topido sitahani, kilitia nanga Adeni. Kule chini kwenye matanuri walichochea moto Waswahili kumi na wawili, shuka viunoni, na mkuu wao alikuwa babu yangu, Feruzi bin Mabruki wa Ng'ambo. Kazi yao ilikwenda kwa mapigo. Feruzi hugonga beleshi kwenye chuma: ta, mlango wa tanuri hufunguliwa; ta, makaa huingia; tum, mlango hufungwa.

Injinia mkuu, mgeni melini, hakupendezwa.

"Hapa si ngomani! Kesho tunapimwa mbio. Tusipofika maili thelathini kwa saa, nyote nawashusha hapahapa Adeni."

"Bila mapigo, bwana mkubwa?"

"Kimya!"

Kesho yake wakachochea kimya. Huyu akampiga kumbo yule, milango ikabaki wazi, upepo ukaupoza moto. Maili ishirini na tatu.

"Feruzi, Adeni mimi sina hata shangazi," alilalama Songoro, mchochezi mwenzake.

"Basi shika beleshi, bwana, uache kulia."

Feruzi akagonga. Ta-ta-tum! Ishirini na saba. Ta-ta-tum! Thelathini na moja! Dohani zikawa nyekundu. Samaki walioruka juu ya sitaha walitua wameiva.

Injinia akateremka mbio, uso umemwiva. Akafungua kinywa kukemea, kumbe mguu wake wenyewe unafuata mapigo.

"Endelea, Feruzi. Wala usisimame."

Miaka kumi na miwili Nyigu iliwafukuza wauza bunduki wa magendo, na haikupitwa na chombo. Ilipouzwa kama vyuma chakavu, daftari lake lilihifadhi jina la kila ofisa. La Feruzi halimo. Aliondoka na beleshi lake tu, na ndilo hilo ukutani kwangu.

"Lipi? Hili?" Jirani yangu Bi Kazija akaliangua, akageuza mpini. "Na alama hii ya msumari wa moto nani kaichoma? Si ni marehemu mume wangu! Uliliazima mwezi wa Shaabani kuchanganyia saruji, babu wee!"

Nikaenda kununua halua. Niliporudi, baraza zima lilikuwa likipiga makofi, na Bi Kazija, beleshi mkononi, akigonga kizingiti changu: ta-ta-tum.