Mwisho Ulioazimwa Gairo

Neno lenyewe lilikuwa moja tu: Langali. Editha aliliandika kwa mkono wake siku ile ile aliyorekodi hadithi, akalipigia mstari, maana kwa mtafiti wa fasihi simulizi jina la mahali ni mali. Sasa amekaa mezani kwake Kihonda, saa tisa alasiri, jua la Morogoro linakaanga bati, anasikiliza kinasa sauti ili aandike hadithi neno kwa neno, na sauti ya Bibi Semeni inasema Mlali.

Akarudisha nyuma. Mlali.

"Nilisikia vibaya," akajiambia. Akakata Langali, akaandika Mlali, akaendelea na kazi. Mimi na wewe tungezima kile kidude hapo hapo na kutafuta mtu wa kukaa naye. Lakini wasomi, bwana! Msomi akiona kitu kimegeuka huwa haogopi, huwa anaandika tanbihi.

Wiki tatu nyuma alikuwa Mgeta, juu kabisa, kwa Bibi Semeni, mwanamke aliyejulikana mlima mzima kwa hadithi zake. Alimkuta uani anamenya njegere, na kaka yake, Mzee Pazi, anashona kikapu pembeni.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Hadithi haitolewi mchana. Njoo jioni watu wakirudi shamba."

"Jioni sitapata usafiri, bibi. Lori la kabichi linashuka saa tisa, na mwanangu nimemwacha kwa jirani."

Bibi akaacha kumenya. "Una mtoto?"

"Mmoja tu, wa kike. Faraja, ana miaka sita. Baba yake alifariki, tuko wawili."

"Basi ile uliyoisikia kwa watu haikufai. Nikupe ya sungura."

Editha akacheka. Za sungura alikuwa nazo arobaini, zote zinafanana. Ile ya Bibi Semeni haikuwa imerekodiwa na mtu yeyote, na bila hiyo tasnifu yake ilikuwa na shimo katikati. Akabembeleza, akabembeleza, mpaka bibi wa watu akachoka.

"Hadithi, hadithi!" Bibi akaita.

Hadhira ilikuwa Mzee Pazi peke yake, naye alinyamaza kimya, kashikilia sindano yake. Editha aliona rekodi itaharibika, akaitika mwenyewe, kwa sauti ya furaha kabisa: "Hadithi njoo!"

Ilikuwa hadithi ya mwanamke wa ukungu, jini asiyezaa, apitaye mlango kwa mlango akiuliza, "Mtoto wa nani huyu?" Mama mwenye mtoto hujibu, "Wangu," naye huenda mlango mwingine. Bibi akataja kijiji baada ya kijiji, kutoka kileleni kuja chini. Alipofika Langali, lori likapiga honi barabarani.

"Kaa, niifunge," Bibi akasema, akamshika mkono. "Hii haiachwi wazi."

"Mwisho nitauweka mwenyewe, bibi. Wote mnafunga kwa maneno yale yale."

"Wote nani?"

Editha tayari alikuwa ameshatia kinasa sauti kwenye begi. Haraka haraka haina baraka, na huyu aliambiwa akiwa ameshikwa mkono, hakusikia.

Katika fani yake, maneno ya kufungulia na kufungia hadithi huitwa fomula. Wanayahesabu kama mfuniko unaoingia sufuria yoyote. Basi alipofika nyumbani alichukua rekodi ya mzee mmoja wa Gairo, hadithi ya fisi, akakata maneno ya mwisho kwenye kompyuta, akayabandika mwishoni mwa hadithi ya Bibi Semeni. Yakakaa vizuri, akajisifu. Loo! Hadithi ya fisi, ambayo haikuwa na shida na mtu, ikawa imefungwa mara mbili. Ya jini haikufungwa hata mara moja.

Siku ya pili baada ya ile ya Mlali, alifungua kinasa sauti tena, akamsikia Bibi anasema Sangasanga, karibu na mjini kuliko Mlali. Rekodi iliyokuwa ya dakika kumi na nne sasa ilikuwa ya kumi na tisa. Akairudisha mwanzo kabisa ahakikishe, na Bibi alipoita "Hadithi, hadithi!" sauti nyembamba ikaitika kutoka sebuleni.

"Hadithi njoo!"

Ilikuwa Faraja, amelala kifudifudi kwenye mkeka anachora, hata kichwa hakuinua.

"Nani kakwambia uitikie?" Editha akamfokea, na yeye mwenyewe akashangaa ukali wake.

"Si ameita, mama?"

Hapo ndipo aliposikia harufu. Udongo mbichi, majani yaliyolowa, na moshi wa kuni mbichi, harufu ya Mgeta asubuhi, ndani ya nyumba ya Kihonda mwezi wa kumi ambapo hata mbwa wanatafuta kivuli. Akagusa ukuta. Ulikuwa wa baridi, na unatoa jasho.

Kesho yake akaenda kwa Dokta Severin, msimamizi wake chuoni. Huyu ni mtu mwema, nisimseme vibaya, ila alikuwa na jibu la kila kitu.

"Hadithi ikihama huvaa nguo za mahali inapofika," akasema akikoroga chai. "Mto unabadilika jina, mji unabadilika jina. Hiyo ni nadharia ya msambao, Editha, umeisoma mwaka wa kwanza."

"Dokta, hii inahama ikiwa ndani ya kinasa sauti."

"Umechoka wewe. Una mtoto, una tasnifu. Pumzika." Akacheka kidogo. "Tena ujue, hadithi ikitolewa kwenye muktadha wake hufa. Tunachohifadhi sisi ni mifupa tu."

Laiti angejua! Hii haikufa. Iling'olewa kwao ikatafuta muktadha mwingine: nyumba yenye mama mmoja na mtoto mmoja.

Editha alitoa betri za kinasa sauti, akazifungia kabatini. Alifuta na nakala ya kwenye kompyuta, kazi ya wiki nzima. Mchana wake, wakiwa wanakula, Faraja akaweka kijiko chini.

"Mama, yule mama ameshafika Msamvu."

"Mama gani?"

"Wa kwenye hadithi. Amepita stendi katikati ya mabasi, hakuna aliyemuuliza anakwenda wapi. Miguu yake ina matope. Ameuliza njia ya huku."

"Nani kakusimulia, Faraja?"

"Bibi," mtoto akajibu, na akaendelea kula.

Yule mwanamke alikuja siku iliyofuata, saa nane mchana, jua kali, redio ya jirani inaimba kwaya. Editha alikuwa anafua uani, na Faraja kakaa mlangoni na mwanasesere wake, na ile kwaya ikafifia kama mtu aliyefunga dirisha, na ubaridi ukaingia kwa chini, kwenye vifundo vya miguu kwanza, ukapanda magotini, na harufu ya udongo mbichi ikajaa mpaka ikawa na ladha mdomoni, na nyuma ya geti, pale ambapo mwanga ulikuwa unaumiza macho, ukungu mwembamba ukasimama kimo cha mtu, na sauti ya kike, ya upole, sauti ya mtu anayesifia mtoto wa mwenzake, ikauliza, "Mtoto wa nani huyu?"

"Wangu!" Editha akapiga kelele, sabuni mikononi. "Wangu! Wangu!"

Kwaya ikarudi. Kwenye kizingiti cha geti palibaki nyayo mbili za udongo mwekundu, mbichi kabisa.

Mwaisha, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, mama wa makamo aliyezoea kumlelea Faraja, alikuja mbio na ungo mkononi. Alipoziona nyayo alisema, "Auzubillahi," akarudi hatua tatu. Jioni akamleta shehe akasoma, na Editha, Mlutheri wa Machame, akaketi kimya akaitika amina kila palipohitajika. Usiku wakalala vizuri. Kesho yake saa nane mchana sauti ikauliza tena, Editha akajibu. Siku ya tatu ikauliza tena, safari hii si getini, ni mlangoni, Editha akajibu tena, na Faraja akaanza kutetemeka kwa baridi, midomo imepauka, homa haishuki kwa dawa wala kwa maji.

Editha alikuwa na jambo moja tu duniani, na lilikuwa limelala kitandani limefunikwa mablanketi mawili. Simu ya Mzee Pazi haikupatikana. Akaamua kuufuata mwisho wa hadithi huko huko alikouacha.

"Nenda, mdogo wangu," Mwaisha akamwambia asubuhi. "Mtoto yuko kwangu, simwachi hata kwenda chooni. Na huyo akiuliza, namjibu mimi."

Akapanda Mgeta kwa pikipiki. Saa sita na nusu alikuwa uani kwa Bibi Semeni, na alichokuta ni mkeka umekunjwa na Mzee Pazi peke yake.

"Shikamoo babu. Bibi yuko wapi?"

"Marahaba. Tumemzika Jumanne ya wiki iliyopita." Mzee hakuwa na hasira, na hilo lilimtisha Editha zaidi. "Alikuulizia mpaka mwisho. Kila gari likipanda anasema, yule mtoto wa chuo amerudi?"

Editha akapiga magoti kwenye vumbi. "Babu, nifungie hadithi. Nimekosa. Nifungie wewe, ulikuwepo."

"Siwezi. Hiyo ni ya wanawake wa ukoo wetu, anayeifungua ndiye anayeifunga. Binti yake angeweza, hakuzaa binti. Ndiyo maana sikuitika siku ile, sisi wanaume hatuiitikii." Akashusha sauti. "Ila kilichobaki baada ya Langali nimekisikia tangu utotoni. Hivi umemwacha mtoto na nani?"

"Na jirani. Mtu mzuri. Amesema atajibu yeye."

"Atajibu nini?"

Editha akainuka kutoka vumbini.

"Jirani atasema 'wangu'?" mzee akanong'ona. "Huyo mwanamke anauliza siku tatu, na siku tatu mama anajibu. Siku ya nne mama hatoki mlangoni kwake hata nyumba ikiungua, mpaka hadithi ifungwe. Maana siku ya nne akiuliza, akamkosa mwenye haki ya kujibu, anajijibu mwenyewe. Hicho ndicho dada yangu alichotaka kukwambia alipokushika mkono. Leo ni siku ya ngapi, mwanangu?"

Editha alikuwa ameshaanza kukimbia. Akamwambia wa pikipiki ashuke mlima, ashuke tu, asijali mawe, na milima ikawa inapita upande huu na upande huu, matuta ya kabichi, maporomoko, watu wenye matenga kichwani wanaruka pembeni wakiwatukana, na yeye anapiga simu, hakuna mtandao, anapiga, hakuna mtandao, saa saba na nusu, saa nane kasoro, saa nane, akaanza kusema "wangu" kwa sauti ndani ya upepo, "wangu, wangu," akidhani pengine umbali si kitu, pengine neno linaweza kushuka mlima haraka kuliko tairi, mpaka dereva akageuka kumuuliza kama anaumwa, na walipofika Mlali simu ikashika na Mwaisha akapokea.

"Dada! Faraja yuko wapi?"

"Faraja si unaye wewe?"

"Dada Mwaisha, mimi niko Mlali!"

"Mlali tena? Editha, usinitanie. Umekuja mwenyewe saa nane, umesimama mlangoni, umesema huyu wangu namchukua. Nikakwambia pole na safari, hata hukunijibu vizuri, matope mpaka magotini. Mtoto kaamka mwenyewe, homa hana, kakurukia shingoni." Sauti ya Mwaisha ikaanza kutetemeka. "Editha? Editha, basi nimempa nani mtoto?"

Alifika Kihonda saa kumi na moja, jua likiwa bado juu ya paa. Nyumba yake ilikuwa imefagiliwa. Nguo alizoacha kwenye ndoo zilikuwa zimefuliwa, zimeanikwa, na jikoni kuna harufu ya vitunguu vinavyokaangwa. Akagonga mlango wa nyumba yake mwenyewe, maana ufunguo ulikataa kuingia.

Faraja akafungua. Alikuwa mzima, mashavu yamerudi, nywele zimesukwa mistari mizuri ambayo Editha hakuwahi kuiweza maisha yake yote.

"Shikamoo," mtoto akasema, akakunja magoti kidogo kama alivyofundishwa kwa wageni.

"Faraja. Faraja, mimi mama."

Mtoto akamtazama, macho yale yale, na ndani yake hamkuwa na hofu wala chuki, hamkuwa na kitu chochote. Akageuka ndani akaita, "Mama! Kuna mgeni!"

"Mwambie akae, nakuja," ikajibu sauti kutoka jikoni, na ilikuwa sauti ya Editha, na lafudhi yake ya Machame, na uchovu wake wa jioni, kila kitu.

Editha akataka kuvuka kizingiti, miguu ikakataa. Akataka kusema neno alilolisema njia nzima, akalitafuta kooni, hakulikuta. Machozi tu ndiyo yaliyomtoka.

Faraja akamletea kigoda, akakifuta vumbi kwa kiganja, halafu akasimama mbele yake na huruma ya watoto waliolelewa vizuri. Akamshika bega, akamwita jina ambalo kila mtoto huku humwita kila mwanamke mtu mzima, muuza nyanya, mpita njia, yeyote.

"Usilie, mama," akasema. "Mama yangu ana roho nzuri. Akitoka jikoni atakupa nauli, urudi kwenu."