Fundi Ni Mtani Wetu

Mvua za mwaka jana ziliangusha ukuta wa chumba cha watoto wa Apolinaria na Raymundi, wakulima na wafugaji wa nyuki wa Sikonge. Bahati nzuri watoto walikuwa shambani. Tangu siku hiyo Apolinaria hakuwa na amani. Wingu likitanda, alizunguka nyumba akikagua kuta.

"Tujenge kabla mvua hazijarudi," alimwambia mumewe.

Raymundi alikubali, ila hakutaka matofali ya kuchoma. Tanuri linakula magogo mengi, na mizinga yake iko kwenye miti hiyohiyo.

"Nikikata miti, nyuki wakae wapi?" alisema.

Wakachagua matofali ya kufungamana. Haya ni ya udongo na saruji kidogo. Hushindiliwa kwa mashine, hayachomwi, na yakipangwa hushikana yenyewe kwa yenyewe.

Fundi alipatikana haraka. Aliitwa Lugembe, Msukuma, kwa hiyo mtani wao Wanyamwezi. Alikuja na tofali moja la mfano na mdomo mwingi.

"Nyumba ulizojenga ziko wapi, tukazione?" Apolinaria aliuliza.

"Zina haya, shemeji. Zikiona Wanyamwezi zinajificha!"

Raymundi alicheka hadi machozi.

"Na udongo utachukua wapi?"

"Popote! Au mnataka nijenge kwa ugali wenu?"

Basi, wakakubaliana aanze Jumatatu. Ndivyo tulivyo. Ukimbana mtani kwa maswali, utaambiwa hujui kutaniwa. Raymundi, mtu mzima, aliogopa hilo kuliko ukuta uliokwisha kuanguka!

Jioni Apolinaria alipita kwa jirani yake Bertila, mwenye nyumba ya matofali kama hayo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umekunja uso?"

Apolinaria akamweleza yote. Bertila alitabasamu, kisha akaacha.

"Hata msibani watani wanatutania, lakini kaburi wanachimba vizuri. Mwache atanie, ila ajibu. Fundi mzuri anakupeleka kwenye nyumba aliyojenga, iliyokwisha kunyeshewa. Unaongea na mwenye nyumba. Tena anapima udongo kwanza. Ule mweusi wa mbugani ukilowa unavimba, ukikauka unapasuka. Na matofali hayaanikwi juani. Yanakaa kivulini na kumwagiwa maji mpaka saruji ikomae."

"Na hili alilotuletea?"

"Litumbukize kwenye ndoo ya maji. Asubuhi utaona."

Asubuhi ndoo ilijaa tope jeusi. Raymundi alizamisha mkono, hakupata hata kipande.

"Tungewalaza watoto ndani ya hili," alisema. Safari hii hakucheka.

Alimwendea Lugembe akamwambia, bila matusi, kwamba tofali limeyeyuka na kazi hatampa. Kisha Bertila akawaelekeza kwa Kashindye, fundi aliyemjengea. Naye Msukuma, naye mtani. Kashindye aliwapeleka kwa baiskeli kuona nyumba alizojenga, wakaongea na wenyewe. Kisha akatia udongo wao kwenye chupa ya maji, akatikisa, akauacha utulie.

"Mchanga umekaa chini, mfinyanzi umekaa juu. Huu wa kwenye mwinuko unafaa. Ule wa bondeni uachieni mpunga," alisema. "Maswali yenu nimeyajibu. Sasa niambieni, Wanyamwezi, nyumba ya nini, na ninyi mnalala porini na nyuki?"

Walicheka wote, hata Apolinaria.

Nyumba ikasimama juu ya msingi wa mawe, na paa lililotoka nje kukinga kuta. Hakuna mti wa mizinga uliokatwa.

Mchana mmoja mvua kubwa ilinyesha. Lugembe alipita na baiskeli, amelowa chapachapa. Raymundi akamwita ndani. Watoto walikuwa wakicheza sakafuni, chini ya dirisha. Lugembe alipapasa ukuta. Wote wakangoja utani, haukuja.

"Hivi lile tofali langu liliyeyuka kwa nini?" aliuliza.

Raymundi akamvutia kiti.

"Ulichukua udongo wa mbugani. Nenda kwa Kashindye, anatafuta mtu wa kushika mashine. Atakufundisha."

"Nitakwenda kesho," alisema Lugembe.

Nje mvua ilizidi. Apolinaria aliendelea kuchambua mboga, na ukuta hata hakuutazama.