Sauti ya Dufie Kwenye Simu ya Watu

Mvua ilipoanza kupiga mabati ya soko la Kejetia, watu walijibanza kwenye vibanda vya vitabu, na humo mikono ya watu wawili wasiojuana ikashika kitabu kimoja cha takwimu.

"Niachie, kaka," alisema Dufie. "Nakihitaji kuliko wewe."

"Umejuaje?"

"Chuo kinafunguliwa mwezi ujao, na mimi na hesabu tulishaachana shule ya msingi."

Kijana alicheka. Shati lake jeupe la kitani lilikuwa limemganda mabegani kwa mvua. Aliitwa Asenso, akifundisha tuisheni ya hesabu mtaa wa Bantama. Dufie alikuwa msusi, amevaa gauni la njano lililomkaa vizuri na yeye akijua. Alikuwa amepata nafasi ya kusomea ustawi wa jamii, ila takwimu ni somo la lazima, na hilo lilimnyima usingizi.

"Chukua kitabu," Asenso alisema. "Mimi nipe namba ya simu."

"Mjanja wewe."

"Mwalimu, bibie. Ujanja ni wa wengine."

Asenso akaanza kuja saluni kwa Dufie jioni, wateja wakishaondoka, akileta ndizi za kukaanga zenye pilipili ndani ya gazeti.

"Kichwa kimoja unakisuka muda gani?"

"Saa mbili, saa tatu. Ila yupo mama anayetaka vinywele kama uzi. Huyo ni siku nzima."

"Basi ukitafuta wastani, mama huyo peke yake atawavuta wenzake wote juu."

Dufie alikitazama kiti kitupu cha wateja. "Kumbe ndiyo hiyo tu?"

"Ndiyo hiyo tu, mpenzi."

Neno lile lilimtoka Asenso bila kukusudia, na hakuna aliyelirudisha.

Mapenzi yakanoga. Ndipo usiku mmoja, zoezi lilipomshinda, Dufie akamtumia ujumbe wa sauti huku analia. Alimweleza jambo ambalo hata mama yake hakulijua: kwamba mwalimu wake wa shule ya msingi alimsimamisha ubaoni mbele ya darasa, akamchapa kwa kushindwa hesabu za sehemu, naye akajikojolea. Tangu siku ile, akiona namba mwili unamtetemeka.

Asenso alimpigia papo hapo. "Lia yaishe, moyo wangu. Niko hapa." Dufie akalala kama mtoto.

Wiki moja kabla ya chuo kufunguliwa, mteja mmoja aliyekuwa chini ya mashine ya kukaushia nywele alianza kucheka peke yake.

"Dada, njoo usikie. Mwalimu wa mwanangu ameweka hii stetasi."

Sauti ikatoka kwenye simu: *nikajikojolea, mbele ya wote*. Nyuma yake, darasa zima likicheka, na kicheko cha Asenso kikisikika humo humo. Kisha sauti ya Asenso, tamu kama siku zote: "Ikiwa huyu nimemfundisha akaelewa, wewe je? Nafasi za tuisheni ni chache."

Chanuo lilibaki limechomeka kichwani mwa mteja mwingine. Dufie alitoka nje, akapiga simu.

"Sikutaja jina lako," Asenso alisema.

"Sauti si yangu?"

"Nilitaka waone kwamba inawezekana. Nilikuwa najivunia wewe, Dufie."

"Ulicheka, Asenso. Nimekusikia. Wale watoto hawanijui, nawasamehe. Wewe ndiye uliyeniambia nilie."

"Nimeifuta," akasema Asenso.

"Imeshafika masikioni mwa wateja wangu."

Siku ya kwanza ya chuo alimkuta langoni, amevaa lile shati la kitani, macho mekundu.

"Nimewaambia wanafunzi ukweli wote," alisema. "Wengine wamehama. Mama yangu yuko tayari kuja kwenu kugonga mlango, kukuposa kwa heshima zote. Niambie aje lini."

Dufie alitamani kumnyoosha kola. Mkono wenyewe ulishaanza kunyanyuka. Akaurudisha kwenye kamba ya mkoba.

"Bado nakupenda," alisema. "Lakini sitaweza tena kulia mbele yako. Sasa nitaishije na mtu wa namna hiyo? Mwambie mama asije."

Akapita. Asenso hakumfuata.

Darasani, mhadhiri aliandika ubaoni mstari wa kwanza, Dufie akauelewa. Wa pili ukampita. Mkono ulikwenda kwenye simu kwa mazoea, ukasita. Akageuka kwa msichana asiyemfahamu aliyekaa karibu naye.

"Samahani, dada," alinong'ona. "Hapo sijaelewa."

"Hata mimi," yule akajibu, akasogeza kiti. "Tumuulize."